Ajinamoto kwenye sufuria ya mtori

"Mwalimu, tuambie ukweli. Ajinamoto ni sumu au si sumu? Mteja akiniuliza kama naweka, nikisema ndiyo anahamia kwa jirani. Nikisema hapana, nimedanganya."

Aliyeuliza ni mama lishe mmoja wa hapa Moshi, anayeuza supu na mtori kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa Majengo kwenye mafunzo ya usafi wa chakula, kazi ninayoifanya tangu nimalize kusomea sayansi ya chakula, na siku hiyo nilijiandaa kuongelea maji, mikono na vitambaa vya kufutia meza. Swali lile la ajinamoto, zile chembechembe nyeupe za kukoleza ladha ya chakula, likaamsha darasa zima. Mmoja kasikia inatengenezwa kwa mifupa. Mwingine kaambiwa inamaliza nguvu za kiume. Habari ya vitambaa ikaishia hapo.

Nikaomba sufuria. Tukachemsha ndizi mshare na kitunguu na karoti, bila nyama hata kipande, tukaponda mpaka zikalainika. Nikagawa bakuli mbili. Ya kwanza nikatia chumvi kama wanavyotia wao. Ya pili nikatia nusu ya chumvi ile, na ajinamoto kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Wakaonja bila kuambiwa kitu. Yule mama akarudia bakuli ya pili, akanyamaza, akalamba kijiko. "Hii umeitia supu ya mifupa," akasema. "Ile nyingine ni ndizi tu."

Sisi Waswahili tuna bahati ya lugha katika jambo hili. Tukisema nyama tamu, hakuna anayedhani imetiwa sukari. Wajapani nao wana neno la namna hiyo, umai, na ndilo alilolitumia Kikunae Ikeda, mwanakemia wa chuo kikuu cha Tokyo, alipotaka kuitaja ladha iliyokuwa ikimsumbua. Kwao supu hutengenezwa kwa mwani mpana uitwao kombu. Ikeda aliona kwamba utamu wa supu ile si wa chumvi, si wa sukari, si uchachu wala uchungu. Mwaka 1908 alichukua kilo 12 za kombu, akachemsha na kuchuja na kuchuja tena, akabaki na gramu 30 hivi za asidi ya glutamiki. Ladha yake akaiita umami. Asidi yenyewe haikuwa ngeni: Mjerumani Karl Heinrich Ritthausen alishaipata kwenye ngano mwaka 1866. Ila Ikeda ndiye aliyeiunganisha na utamu wa supu.

Asidi peke yake ni chachu na haiyeyuki vizuri, kwa hiyo aliiunganisha na sodiamu ikawa chembechembe nyeupe zinazoyeyuka haraka majini. Hiyo ndiyo monosodiamu glutamati. Mwaka 1909 ikaingia sokoni kwa jina la Ajinomoto, maana yake asili ya ladha, na sisi tukalizungusha ulimini likawa ajinamoto, hata pakiti ikiwa ya kampuni nyingine kabisa.

Kuhusu mifupa: hapana. Mwanzoni waliitoa kwenye ngano. Tangu miaka ya 1950, baada ya Shukuo Kinoshita na wenzake huko Japani kumpata bakteria anayeitoa kwa wingi, inatengenezwa kwa kuchachusha. Bakteria huyo, Corynebacterium glutamicum, hulishwa sukari ya miwa, molasi, mahindi au muhogo, naye hutoa asidi ya glutamiki. Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa sana hapo. Anayejua jinsi ndizi na ulezi vinavyogeuka mbege ameshaelewa nusu ya kiwanda. Tofauti ni mdudu anayefanya kazi na kile anachokitoa.

Na glutamati hiyo hiyo tayari unayo jikoni. Nyanya iliyoiva ina glutamati nyingi kuliko mbichi, ndiyo maana mchuzi wa nyanya zilizoiva hukolea. Maziwa ya mama yana nyingi, kama mara kumi ya maziwa ya ng'ombe. Tena mwaka 1913 Shintaro Kodama, mwanafunzi wa Ikeda, alikuta kwenye samaki mkavu kitu kingine, inosineti, ambacho kikikutana na glutamati ladha hupanda maradufu na zaidi. Samaki wakavu kwa nyanya, nyama kwa nyanya: bibi zetu hawakusoma kemia, lakini sufuria zao zilijua. Ulimi hauwezi kutofautisha glutamati ya nyanya na ya pakiti, wala utumbo hauwezi. Nyingi ya ile tunayokula huishia hapo hapo kwenye ukuta wa utumbo, inachomwa kuwa nishati.

Basi hofu ilitoka wapi? Mwaka 1968 daktari mmoja wa Marekani, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua kwa jarida la tiba la New England akisema akila kwenye mikahawa ya Kichina anapata ganzi shingoni, udhaifu na moyo kwenda mbio. Alikisia sababu kadhaa, zikiwemo mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi na glutamati. Watu wakashika moja tu. Mwaka uliofuata mtafiti John Olney akatangaza kwamba panya wachanga waliodungwa glutamati chini ya ngozi waliharibika sehemu ya ubongo. Ni kweli, lakini dozi ilifika gramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu robo kilo, tena kwa sindano. Hakuna mama lishe anayedunga wateja.

Tafiti za baadaye, ambapo wanaojaribiwa hawajui wamepewa nini, hazikuonyesha madhara ya kueleweka kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Wapo wachache wanaoumwa kichwa au kusikia joto mwilini kwa muda wakinywa gramu 3 au zaidi kwa mkupuo bila chakula. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 1987 haikuona haja ya kuweka kikomo cha tarakimu. Ulaya mwaka 2017 walikuwa waangalifu zaidi, wakaweka miligramu 30 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mimi naifuata ya Ulaya nikifundisha, si kwa hofu, ila inampa mpishi kipimo. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama nusu kijiko cha chai. (Nguvu za kiume sijaona ushahidi wowote. Na wanaolalamika kichwa baada ya supu ya Jumapili asubuhi, wengi walikuja nacho kutoka Jumamosi usiku.)

Ninachogombana nacho ni chumvi. Chumvi ya mezani ina sodiamu karibu asilimia 39. Ajinamoto ina kama 12. WHO wanataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai. Sasa soma vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi cha kwanza ni chumvi. E621, ambayo ndiyo glutamati, iko chini huko. Halafu mpishi anatia na chumvi yake juu. Presha ya mteja inapandishwa na chumvi hiyo, lawama anabebeshwa Mjapani. Na chakula cha mtoto chini ya mwaka, usitie chochote kati ya hivyo.

Nikamwambia yule mama: kijiko kimoja cha chai cha ajinamoto kwa lita tatu au nne za supu, na chumvi punguza. Ukizidisha ladha haipandi, inageuka ya ajabu. Akashika shavu. "Kumbe mimi nilikuwa namwaga pakiti."

Wiki mbili baadaye nilipita kwake kunywa mtori. Kopo la chumvi lilikuwa pale pale pembeni ya jiko, na kijiko cha chai kimefungwa kwa kamba kwenye mshikio wake, msichana anayemsaidia asije akakosea.