Pikipiki ya kuundwa: maneno ya vijiweni Tanga na ukweli wake

Kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni utaziona pikipiki za kuundwa: Boxer iliyokatwa mkia na kuwekewa siti fupi ya ngozi, Honda kuukuu iliyorefushwa shokapu za mbele, nyingine imevuliwa kila kitu ikabaki injini na tangi. Baadhi zimeundwa na mafundi hodari kwelikweli na zinastahili bei yake. Baadhi ni hatari iliyopakwa rangi. Wanunuzi wengi huponzwa na maneno yanayorudiwa vijiweni kila siku.

"Rangi safi namna hii, fundi wake hakulipua kazi."

Rangi ni kazi ya mwisho, na chini yake mtu anaweza kuficha chochote. Anza na shingo ya fremu, pale stelingi inapoingia. Nguvu ya breki na kishindo cha kila shimo la barabara hukutana hapo, na hapo ndipo fremu hukatwa fundi anapotaka kulaza shokapu kwa mbele. Omba tangi linyanyuliwe. Ni kazi ya dakika 10: kufungua siti, bolti moja au mbili, na kuchomoa mpira wa petroli.

Mulika mshono wa kuchomelea kwa tochi ya simu. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayolingana, na kingo zake zimeshikana na bomba bila kuacha kijifereji. Ukiona kijifereji pembeni, moto ulikula ukuta wa bomba, na ufa huanzia hapohapo. Ukiona vitundu kama vya mkate wa kumimina, chuma kilichomelewa kikiwa na kutu au rangi. Mstari mwembamba wa kutu uliojitokeza juu ya rangi pembeni mwa mshono uuchukulie kuwa ni ufa mpaka rangi ikwanguliwe na kuonyesha vinginevyo.

Mshono uliosagwa kwa grenda hadi ukawa laini kama kioo huwapendeza wengi, lakini haukuthibitishii chochote. Kama moto haukupenya ndani, kilichosagwa ndicho kilichokuwa kinashika. Fundi anayejua kazi huingiza kipande cha bomba ndani ya maungio kabla ya kuchomelea, na mara nyingi ana picha za fremu ikiwa bado tupu. Ziombe. Pitisha pia sumaku ndogo juu ya mabomba na tangi. Inaposhika kwa udhaifu, chini yake kuna puti nene, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi. Hapa Tanga upepo wa chumvi hauna huruma: mshono ulioachwa na tundu huingiza unyevu, na bomba huoza kwa ndani huku nje likimeremeta.

"Ikivuta upande, ni tairi tu."

Huenda, ila pima kwanza. Chukua mshipi wa kuvulia wa mita 6 hivi na ufunge katikati nyuma ya tairi la nyuma, kama sentimita 15 kutoka ardhini. Vuta ncha zote mbili mbele, kila moja upande wake, ziguse tu ukingo wa mbele wa tairi hilo. Nyoosha usukani, kisha pima nafasi kati ya uzi na tairi la mbele kulia na kushoto. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, tazama alama za kukazia cheni. Kama alama zinalingana pande zote, basi huenda fremu imepinda, au mkono unaoshika tairi la nyuma. Huo si ugonjwa wa kununua.

Halafu nyanyua tairi la mbele na ugeuze usukani taratibu. Ukihisi unakwama kidogo ukifika katikati, beringi za stelingi zimekwisha. Hizo hubadilishwa, kwa hiyo ziingize kwenye mazungumzo ya bei.

"Shokapu ndefu ni urembo tu."

Shokapu ndefu hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona. Ukiwa taratibu usukani huangukia upande, na kwenye vichochoro utauona uzito wake. Walioshusha nyuma nao wana tatizo lao: pandeni wawili na mruke juu ya siti. Tairi likigusa siti au nyaya, siku moja litazikata mkiwa barabarani.

"Imewaka kiki moja, injini nzima."

Injini ya moto huficha mengi. Ishike kabla haijawashwa. Kama ina joto, rudi kesho asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe kidogo unaopotea baada ya muda mfupi ni unyevu tu. Mji wetu ni tambarare, hivyo klachi inayoteleza haijitangazi. Weka gia ya 3 ukiwa mwendo mdogo, kisha vuta mafuta yote: injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha, na mlima wa Amani hautaupanda.

Wengi huamini kuondoa kasha la chujio la hewa na kuweka chujio la wazi kunaongeza nguvu. Kabureta isiporekebishwa, hewa inazidi na injini inachemka. Fungua plagi utazame rangi ya ncha yake: kahawia hafifu ni sawa, nyeupe ina maana ya hewa nyingi, nyeusi inayong'aa ni oili. Fungua pia skrubu ya chini ya kabureta na ukinge petroli kwenye chupa safi. Iache itulie dakika 5. Maji yatakaa chini, na vumbi jekundu ni kutu ya tangi.

Umeme upimwe kwa mita: betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na ukivuta mafuta ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu, bila fyuzi, ni moto unaosubiri siku yake.

"Nimetumia milioni 4, nauza 3, umepata bahati."

Gharama zake ni zake. Anza na bei ya pikipiki ya kawaida ya aina na umri huohuo. Matairi mapya, rimu na shokapu bora vihesabie kama nusu ya bei ya dukani. Rangi na siti ni ladha ya mtu, visiongeze kitu. Kisha toa gharama ya kila kasoro uliyoikuta.

"Kadi ipo, usiwe na wasiwasi."

Soma namba ya chasisi kwenye shingo na namba ya injini kwenye injini yenyewe, tarakimu moja moja, ukilinganisha na kadi ya TRA. Pikipiki za kuundwa hubadilishwa injini mara nyingi, na shingo iliyokatwa huweza kupoteza namba. Ukikuta alama za grenda kuzunguka tarakimu, usilipe hata kishika uchumba. Namba zikilingana na za kadi, andikeni mkataba wenye namba zote mbili, jina la muuzaji likiwa lilelile la kwenye kadi na kitambulisho chake, na hela itoke mkiwa mmeshaanza kuhamisha umiliki.