Maili chache haziuzi Fiat 124 Spider
Wanaouza Fiat 124 Spider, gari la wazi lililochorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya usanifu wa magari, na kuzinduliwa 1966, hupenda kutanguliza sifa moja: limetembea maili chache. Wanadhani hiyo inatosha kupandisha bei. Mnunuzi anayeyajua magari haya hushtuka hapo hapo.

Injini yake, kazi ya mhandisi Aurelio Lampredi, hutumia mkanda wa taimingi (unaoendesha vali kwa wakati wake) wa mpira, si mnyororo. Mpira huzeeka hata gari likilala gereji miaka kumi bila kuguswa. Sili nazo hukauka, petroli huganda ndani ya kabureta, breki hukamata. Isitoshe, mita nyingi za maili za enzi hizo zina tarakimu tano tu: zikifika 99,999 zinarudi sifuri, kwa hiyo maili 30,000 huenda ni 130,000.

Kinachouza ni risiti. Ile yenye tarehe ya mkanda kubadilishwa, hata ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, ina uzito kuliko mita. Rangi mpya? Mimi huiogopa kidogo, huenda inaficha kutu. Inua kapeti, piga picha sakafu na kingo za chini ya milango, ndiko kutu inakoanzia, kisha ziweke kwenye tangazo.