Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimwondolei mwenye mbwa lawama

Wengi Nairobi huamini kwamba geti likiwa na kibao cha "Mbwa Mkali", aliyeumwa hana haki ya kudai fidia. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa onyo lipo. Lakini Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu wajibu wa mwenye nyumba kwa wageni wake, inasema onyo pekee halitoshi, ila liwe limemwezesha mgeni kuwa salama. Mtoto asiyejua kusoma je? Isome mwenyewe, sheria zetu ziko bure kwenye intaneti.

Ukiumwa, kwanza osha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, ukimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa hicho huua. Kisha ripoti polisi, ujaziwe fomu ya P3 (ya polisi, ambayo daktari huandika majeraha yako), utunze risiti. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yana mahakama yake, Mahakama ya Madai Madogo (Small Claims Court).