Meditasio haifukuzi mawazo: namna ya kuifanya bila kujiumiza

Kila inapokaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wakaaji wa Goma wanatuletea sisi wahudumu wa afya ya akili lalamiko lile lile: "Nilikaa nikatulia kama mlivyosema, lakini mawazo hayakuondoka." Hayakuondoka kwa sababu kazi ya meditasio, yaani zoezi la kutulia na kutambua pumzi na mawazo yaliyopo, si kuyaondoa. Tumelisema hili redioni na makanisani, na tunalirudia hapa.

Chukua bidoni tupu ya lita 20, funga kizibo, isukume chini ya maji ya Ziwa Kivu. Ukizidi kuisukuma, nayo inazidi kuruka juu, na mikono yako inachoka bure. Wazo la ndugu asiyejulikana alipo, au la nyumba iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021, liko hivyo hivyo. Unachojifunza ni kuiacha bidoni ielee kando yako, mikono ibaki huru kwa kazi ya siku.

Neno "tafakari", ambalo wengine hulitumia kwa meditasio, nalo limewachanganya wengi. Kanisani, kutafakari ni kulichukua neno na kulichimba. Hapa huchimbi chochote, unatambua tu kilichopo. Wala si kufungua kichwa kitupu ili pepo waingie: kichwa cha mtu aliye hai hakiwi kitupu, na mazoezi haya hayamzuii mtu kusali.

Anza na dakika 3, asubuhi na jioni, siku ambazo moyo umetulia kiasi. Anayesubiri hadi hofu imfike shingoni ni kama anayejifunza kuogelea siku mtumbwi unapozama. Keti, nyayo zote mbili chini, macho wazi, ukitazama sehemu moja kama mita moja mbele. Kandamiza vidole vya miguu ardhini kwa sekunde 5, kisha legeza. Vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6. Wazo likija, liite kimoyomoyo: "Hapa kuna hofu," au "Hili ni wazo kwamba hatarudi." Tafuta linakaa wapi mwilini, kifuani, kooni au tumboni, liache hapo, kisha rudi kwenye nyayo. Akili itatoroka hata mara 20 katika dakika hizo 3. Kila unaporudi ndipo zoezi linapofanyika, kwa hiyo usihesabu kutoroka huko kuwa kushindwa. Baada ya wiki moja au mbili unaweza kuongeza taratibu hadi dakika 10.

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa kijitabu cha picha chenye mbinu za aina hii mwaka 2020. Mafunzo yake ya kikundi, vipindi 5, yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda, na dhiki yao ilipungua.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu. Kaboni dioksidi inashuka mno katika damu, vidole vinawasha, kichwa kinazunguka, na mtu anadhani anakufa. Rudi kwenye pumzi ndogo, na kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta. Kosa la pili ni kumlazimisha mtu aliyeona mauaji au aliyebakwa afumbe macho: picha zinarudi kana kwamba jambo linatokea sasa. Zikirudi, simamisha zoezi. Simama, nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti siku, tarehe na mahali ulipo. Anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine asifanye peke yake. Na risasi zikilia, tafuta kwanza usalama, meditasio itasubiri.

Haichukui nafasi ya dawa. Tafadhali, msiache dawa za kifafa au diazepamu (dawa ya kutuliza hofu) ghafla kwa sababu mmeanza kutulia: kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Usipolala vizuri kwa wiki 2, ukishindwa na kazi, au ukitumia pombe ili usahau, nenda kituo cha afya cha eneo lako. Mwenye mawazo ya kujiua aende leo, na asiachwe peke yake. Beba kitabu chako cha matibabu na dawa zote unazokunywa, hata za miti shamba, ndani ya mfuko mmoja. Muuguzi atapima kwanza malaria, presha na upungufu wa damu, kwa kuwa magonjwa ya mwili nayo huharakisha moyo na kuondoa usingizi. Ikihitajika atakupa barua ya kukutuma kwetu. Usiiache nyumbani, maana bila hiyo tunauliza yote upya na wewe unapoteza asubuhi nzima.

Wengi hawaji kwa kuogopa kwamba mtaa mzima utajua. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamfunga mdomo kila anayepokea siri kwa sababu ya kazi yake: muuguzi, daktari, mshauri. Isipokuwa pale anapoitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inapomlazimisha kusema, akiitoa siri hiyo anaweza kufungwa mwezi 1 hadi 6, kutozwa faini, au vyote viwili. Jirani akikukuta kwenye benchi la kusubiri, hulazimiki kumweleza ulichokuja kutibiwa, na sisi hatutamweleza.