Je, wajua kwa nini kafuri hupoza na kuchoma kwa pamoja?

Paka dawa ya kuchua yenye kafuri kwenye kiwiko kinachouma. Ubaridi huja kwanza, halafu joto hupanda polepole, na mara nyingine yote mawili huhisiwa kwa pamoja. Ngozi haijachanganyikiwa. Katika miisho ya mishipa ya fahamu mna vipokezi vya kutambua baridi na vingine vya joto, na kafuri huviamsha vya aina zote mbili. Kimojawapo cha joto, TRPV1, ndicho hicho hicho kinachoguswa na pilipili. Kafuri hukiamsha, kisha hukichosha, na kikishachoka maumivu nayo hufifia.

Hata ile hisia ya pua kuzibuka unapovuta mvuke wa kafuri ni kazi ya vipokezi hivyo. Watafiti walipopima hewa inayopita puani kwa watu waliovuta mvuke wa kafuri, njia ilikuwa na upana ule ule, ingawa wenyewe walisema wanapumua vizuri zaidi. Nafuu hiyo siidharau. Humsaidia mwenye mafua hata kupata usingizi.

Mkafuri asili yake ni kusini mwa China, Taiwan na Japani. Mbao zake hukatwa vipande vidogo na kupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke ukipoa, chembe nyeupe za kafuri hujikusanya. Waganga wa China waliitumia tangu zamani kwa muwasho, misuli iliyoteguka na viungo vinavyouma, zaidi kwa kupaka. Walikuwa na busara, kwa sababu ikimezwa ni sumu. Huyeyuka katika mafuta, hupenya upesi kutoka tumboni na kufika kwenye ubongo, ambako huweza kuleta degedege. Mwaka 1934, huko Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwadunga wagonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili, kafuri makusudi ili wapatwe na kifafa, akitumaini kwamba kingewatibu.

Tangu 1983, Marekani imeweka kikomo cha asilimia 11 ya kafuri katika dawa za kupaka. Kwa mtoto mdogo, gramu moja tu iliyomezwa yaweza kuua. Basi usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili, wala usiitie puani mwa yeyote. Mtoto akiilamba, usimtapishe. Mkimbize hospitali hata kama anacheza, maana degedege huweza kumshika ndani ya dakika chache bila dalili yoyote ya kutangulia.