Donge la damu kwenye ateri: linakaa wapi, na kwa nini chuku hailifikii

Kila mara tunaletewa mgonjwa hapa Lamu kachelewa, ukiuliza yameanza saa ngapi watu wanaangaliana, kisha mmoja anasema kapitiwa na upepo, yaani kiharusi, tulimpiga chuku kwanza. Jamani, chuku inavuta damu ya juu juu ya ngozi, donge liko ndani ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, hazikutani kabisa.

Na ateri haizibi popote tu. Donge linapenda pale mshipa unapogawanyika njia panda, damu inazungukazunguka kama mkondo ukipiga nguzo za gati, mafuta yanajishika hapo miaka na miaka, haswa kwa mwenye presha, sukari au sigara, siku utando unaoyafunika mafuta hayo ukipasuka damu inaganda juu yake kwa dakika. Mahali penyewe ni ateri za moyo, sana ile inayoshuka mbele upande wa kushoto, halafu shingoni chini ya taya, halafu tumboni chini ya kitovu ateri kuu inapogawa miguu, pajani na nyuma ya goti. Mengine yanaanzia ndani ya moyo unaopiga ovyoovyo, yakang'oka yakapanda ubongoni.

Mguu uliovimba ukawa wa moto ni vena mara nyingi, mshipa unaorudisha damu moyoni, hiyo habari nyingine. Wa ateri haupati damu. Nimemuona mzee mmoja, nahodha wa zamani, mguu mmoja wa kawaida na mwingine mweupe, baridi kama samaki wa barafu, nao wanamkanda mafuta ya simsim tangu alfajiri. Mguu kama huo una masaa sita hivi kabla haujafa.

Mdomo ukienda upande, andikeni saa ya mwisho alipokuwa mzima, si saa mliyomkuta. Sindano ya kuyeyusha donge la ubongo ni ndani ya masaa manne na nusu, na haidungwi kabla ya CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu kiharusi cha mshipa kupasuka kinafanana vilevile, kwa hivyo aspirini msimpe nyumbani. Njooni na dawa zake zote, kitambulisho, namba ya SHA (bima ya afya ya serikali), na mtu mmoja anayejua habari, sio kumi. Tukiandika rufaa mnavuka boti mpaka Mokowe, bara, gari iwe inangoja ng'ambo, msianze kuitafuta mkishafika. Barua pigeni picha kwa simu, kuna iliyofika imelowa maji ya chumvi, ile saa haisomeki.