Faru wa msituni ni yupi hasa?

Jamani hili neno "faru wa msituni" tulitazame kidogo. Juzi tena mtu kaweka picha ya faru kasimama kwenye nyasi za Ngorongoro, hata mti mmoja hauonekani, kaandika faru wa msituni. Kwa kifupi faru wa msituni ni faru anayeishi ndani ya msitu mnene wa mvua, na anayestahili jina hilo hasa ni faru wa Sumatra, kule Indonesia, ambao waliobaki wanakadiriwa hawafiki 50.

Shida iko kwenye neno msitu. Tukiongea, "mnyama wa msituni" tunamaanisha tu hafugwi, basi. Lakini msitu ni miti iliyoshonana mpaka jua linafika chini kwa shida. Pori linaweza kuwa vichaka tu. Nyika ni kukavu, nyasi na miti ya miiba. Na mbuga, kabla hatujaanza kuita kila hifadhi mbuga, ni ule uwanda wa nyasi unaotuama maji masika. Sasa faru mweupe ni wa nyasi, ndo maana ana mdomo mpana wa kukatia chini chini, na mweusi ni wa vichaka, japo wa Aberdare kule Kenya wanaingia msituni kweli, hao sibishi.

Wa Sumatra ni habari nyingine kabisa. Ndo mdogo kuliko faru wote, ana manyoya, ana pembe mbili ila ya nyuma mara nyingi ni kinundu tu. Mchana anashinda kwenye dimbwi la matope analolichimba mwenyewe kwa miguu na pembe, maana akikosa matope ngozi inapasuka na wadudu wanamsumbua. Jua likipoa anatoka kula, na akikuta mti mchanga majani yako juu anausukuma kwa kifua, anatembea huku umelala katikati ya miguu yake, halafu anageuka kula ncha. Anaishi peke yake, sauti yake kama mluzi. Na sasa wamebaki wachache mno humo msituni hadi dume na jike wanapotezana, na jike akikaa muda mrefu bila dume anaota uvimbe kwenye kizazi, kushika mimba inakuwa shida.

Kwa hiyo ndugu yangu, yule wa kwenye picha yako, kwa kuwa ni wa Ngorongoro, muite faru mweusi, au faru wa porini ukipenda.